Karo haikuchafuka, imeliwa: kisa cha marumaru upande wa Lac Vert

Simu iliingia Jumapili mchana, mwishoni mwa Septemba 2019, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza.

"Fundi, karo zangu zimetoka madoa meupe. Nimesugua na malimau, na siki, na javeli, na ile asidi ya choo. Kadiri ninavyosugua ndivyo yanavyoongezeka. Kuja uone, mwanangu, wakwe wanafika baada ya wiki tatu."

Nyumba hiyo niliijua. Iko magharibi mwa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ukielekea ziwa dogo la Lac Vert, kwenye miamba ya zamani ya volkano ambako kuchimba msingi ni vita. Mama mwenye nyumba anauza vitenge Birere; mumewe alifundisha kemia sekondari mpaka akastaafu, na mtaa mzima unamwita Papa Prof. Karo walizitandika mwaka 2018. Sikuzitandika mimi, ila nilipita siku moja kumsalimu fundi mwenzangu, na mama akaniuliza kama marumaru ile itadumu. Mwenye pikipiki alikuwa ananingoja barabarani, injini inaunguruma. Nikajibu: "Upake dawa ya kuziba, Mama, itadumu." Jibu hilo la haraka ndilo linalonifanya niandike kisa hiki chote, maana lilikuwa kosa, na baadaye nimewasikia mafundi wengi wakilitoa vilevile.

Nilipofika nilikuta kesi imeshaamuliwa. Aliyeharibu ni msichana wa kazi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi, haongei. Mama alisema msichana anamwaga dawa ovyo, anasugua na majani ya chuma, hasikii. Papa Prof alikuwa kwenye kiti chake na redio, hakutaka kuingia katika maneno hayo.

Niliomba jambo moja kwanza: leo mtu yeyote asisugue kitu. Nikavua viatu, nikaanza kuzunguka nyumba kwa magoti, taa ya simu nikiilaza karibu na sakafu. Mwanga wa juu huficha. Mwanga wa pembeni huonyesha kila mkwaruzo na kila sehemu iliyopoteza mng'ao, na kila chumba hutoa habari yake.

Jiwe lenyewe

Neno "marumaru" ni mtego wa kwanza. Tanzania watu huita marumaru karo yoyote ya sakafuni, hata ile ya udongo uliochomwa kiwandani. Kwetu tunasema "karo" kwa zote, halafu mwuzaji anaongeza "ya marbre" ili bei ipande. Ndiyo maana nilianza kwa kuthibitisha kwamba hili ni jiwe kweli. Chini ya ngazi kulikuwa na vipande vilivyobaki. Nilivigeuza nikaangalia ubavu: mshipa wa kijivu uliokuwa juu ulishuka hadi chini, na mgongo ulikuwa na alama za msumeno. Karo ya kiwandani iliyochapwa sura ya jiwe ina picha juu tu; ubavu wake ni rangi moja, na mgongoni ina miraba au mistari ya kushikia gundi.

Basi ilikuwa marumaru halisi, nyeupe yenye mishipa ya kijivu, imeng'arishwa kama kioo, sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita 2. Unene huo huleta kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba, na mzigo wote ulikuwa umepandishwa kutoka barabarani kwa chukudu, lile baiskeli la mbao la kusukuma. Mwuzaji alisema imetoka Italia. Huenda. Italia huuza vizuri kuliko mahali pengine.

Kwa tatizo hili, inatoka wapi hainisumbui. Kinachonihusu ni imeumbwa na nini. Marumaru ni kalsiti, yaani kalisi kaboneti, madini yaleyale ya jiwe la chokaa na ya ganda la yai. Kalsiti ikikutana na asidi, hata ya limau, huyeyuka na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Jiwe la chokaa lenyewe, lile wanaloliita layimstoni, na travatino nayo ni ukoo huohuo. Tone la limau kwenye kipande cha akiba, dakika tano, futa, litazame kwa mwanga wa pembeni: utaona duara limefifia. Hilo ni jaribio la franga mia chache tu. Mtu angelifanya dukani mwaka 2018, nisingekuwa na cha kuandika.

Nilimfanyia mama jaribio hilo mezani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ninavyosafisha ndivyo ninavyoila."

Ndiyo hivyo. Doa la kweli ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, na mara nyingi huonekana jeusi au lenye rangi kuliko jiwe lenyewe. Alama nyeupe, iliyofifia, isiyotoka kwa sabuni, ni kidonda: ngozi ya jiwe imeondoka. Doa unaweza kulivuta litoke. Kidonda hakitoki, kwa sababu hakuna kilichoingia. Mama alikuwa akipigana na uchafu ambao haupo, na silaha yake ndiyo iliyokuwa inajeruhi.

Baraza

Nilitarajia kuishia hapo. Limau, siki, asidi ya choo, kesi imefungwa, mkosaji ni chupa. Lakini baraza ilikataa.

Baraza ina mita za mraba 22 hivi. Upande wa ndani, chini ya paa, marumaru ilikuwa bado inaonyesha sura yako ukiinama. Upande wa nje, kama mita moja na nusu kuelekea bustani, ilikuwa imekufa kabisa, na ukipitisha kiganja unahisi mishipa ya kijivu imeinuka kidogo kuliko weupe unaoizunguka. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ulikuwa umenyooka, sambamba na ukingo wa mabati. Hakuna mtu anayemwaga siki kwa mstari ulionyooka namna hiyo.

"Na huku, mlisafisha na nini?"

Mama alisema kwa maji tu, nje hakuna haja ya dawa.

Hapo ndipo msichana wa kazi alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Fundi, kuna kitu chini ya maua." Alikwenda kwenye chungu kikubwa cha maua kilichokuwa kwenye ukingo wa nje, akakikumbatia, akakisogeza. Chini yake kulikuwa na duara linalong'aa kama siku karo zilipotandikwa. Aliligundua miezi mingi nyuma, akifagia, ila nani angemwuliza?

Duara hilo ndilo lililopindua kesi. Jiwe ni lilelile, mkono unaosafisha ni uleule. Tofauti ni kwamba pale mvua haikufika.

Papa Prof alizima redio. Aliingia ndani akarudi na kijitabu cha karatasi za kupimia asidi, mabaki ya miaka ya kufundisha, akaweka beseni safi la plastiki katikati ya uwanja, mbali na mabati na miti. Mvua ilinyesha siku ya pili jioni. Asubuhi alinipigia simu: karatasi imesoma kati ya 4 na 5, na namba ikishuka ndivyo asidi inavyozidi. Maji matupu ni 7, na mvua ya kawaida, kwa sababu ya kaboni dioksidi ya hewani, huwa karibu 5.6. Akaongeza kwa furaha ya mwalimu aliyepata tena darasa kwamba amepima pia maji ya birika lao la saruji, ambalo hujazwa na mvua hiyohiyo kutoka paani, na humo karatasi imesoma 7. "Unaona, Fundi? Birika nalo linaliwa. Simenti imekula asidi, kama karo zako."

Anayeishi Goma hahitaji kuambiwa asidi hiyo inatoka wapi. Miaka hiyo, kabla ya mlipuko wa Mei 2021, ziwa la moto lilikuwa linachemka ndani ya Nyiragongo, volkano yetu, usiku wingu juu ya mlima lilikuwa jekundu. Moshi wake hubeba dioksidi ya salfa, na pia gesi za klorini na florini ambazo zikiguswa na maji ni asidi. Upepo wa kwetu huusukuma moshi huo zaidi kuelekea magharibi, na wakulima wa upande wa Rusayo na Sake wanajua majani ya maharagwe yanavyoungua wakati mwingine. Mvua ikipita ndani ya moshi, inashuka nao. Florini hiyohiyo ndiyo inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia wakinywa maji ya mvua kwa miaka, jambo kubwa kuliko karo za mtu yeyote, lakini si kisa cha leo.

Mama alimtazama msichana wa kazi. Hakusema samahani, alimwambia aketi anywe chai na sisi. Kwa wanaomjua mama yule, hiyo ni samahani.

Saloni, jikoni, na dushi

Saloni, yaani sebule, ilikuwa na magonjwa mawili tofauti kabisa, na mvua haihusiki na hata mmoja.

La kwanza ni njia. Kutoka mlangoni hadi kwenye viti, karo zilikuwa zimefifia kwa upana wa watu wawili, na taa ikaonyesha mikwaruzo midogo isiyohesabika. Huo ni mchanga wetu mweusi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia talki kwenye 1 hadi almasi kwenye 10, marumaru iko 3. Kisu cha jikoni ni kama 5 na nusu, na chembe za volkano tunazokanyaga kila siku nyingi ziko hapo au zaidi. Nilichukua mchanga kidogo wa uani, nikausugua kwa kidole juu ya kipande cha akiba mara kumi. Ulitosha. Kila mgeni aliyeingia na viatu alikuwa anapiga msasa bila kujua.

La pili lilikuwa utando mweupe, mwembamba, kwenye karo zote za saloni. Bomba likikauka, familia hutumia maji ya ziwa yanayoletwa kwa bidoni, yale madumu ya njano. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka, na maji ya juu ya ziwa hupima karibu 9 kwenye karatasi zile, kinyume cha asidi. Ukipiga deki kwa maji hayo ukayaacha yakauke, madini yanabaki sakafuni. Utando huo ndio mama aliouona kwanza kabisa, mwaka uliopita, na ndio uliomfanya atafute limau. Jirani alimwambia limau hutoa weupe, na kweli hutoa. Kwenye glasi, kwenye sinki la chuma, kwenye karo ya kiwandani, limau ni dawa nzuri ya utando huo. Kwenye marumaru linatoa utando na jiwe lililo chini yake.

Kwa hiyo mlolongo ulikuwa huu: maji ya ziwa yaliacha weupe, limau likaondoa weupe na kuleta ufifi, ufifi ukaonekana kama weupe mwingine, siki ikaletwa, kisha javeli, kisha asidi ya choo. Javeli haina asidi, ila ni kali upande wa pili, na ikitumika mara kwa mara nayo huchosha mng'ao.

Jikoni kulikuwa kama ukurasa wa mfano. Juu ya meza ya marumaru kulikuwa na alama nyeupe za duara za vikombe vya juisi ya marakuja (pasheni), vitone pale wanapokamulia ndimu juu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa, na bonde zima pale nyanya hukatwa. Kando ya hapo, doa moja la rangi ya machungwa lililozama, la mawese. Ni hilo peke yake, katika nyumba nzima, lililokuwa doa. Nilifurahi kuliona, kwa sababu niliweza kuwaonyesha wote watatu tofauti kwa kidole kimoja.

Dushini, yaani bafuni, kuzunguka mguu wa choo, uso wa jiwe ulikuwa umekuwa kama sukari, na vijishimo vinavyoshika ukucha. Asidi ya kusafishia vyoo mara nyingi ni hidrokloriki. Msichana alikuwa ameimwaga, ndiyo, kama alivyoagizwa.

Na dawa ya kuziba?

Walikuwa wameipaka. Chupa nzima, tena nzuri, na fundi wa kwanza alifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Nilidondosha maji saloni: tone lilikaa juu, duara, baada ya dakika kumi halijaingia. Dawa ilikuwa hai. Hata hivyo limau lilikuwa limepita.

Hapa ndipo nilipokosea mwaka 2018. Dawa ya kuziba inaingia katika vitundu vya jiwe na kuyazuia mafuta na rangi yasizame haraka. Inakupa muda wa kufuta. Haigeuzi kalsiti kuwa kitu kingine. Asidi haihitaji kuingia ndani. Inakula pale pale juu inapogusa. Nilimwambia mama hivyo, na nikamwambia kwamba ushauri wa siku ile ulikuwa wangu. Alisema anakumbuka, hata pikipiki ilikuwa nyekundu.

Tulichoamua

Njia zilikuwa tatu. Kwanza, kung'oa zote na kuweka karo za kiwandani zenye sura ya marumaru. Papa Prof aliipenda, ni ya akili, ila wiki tatu hazitoshi na fedha yote ya mahari ingeishia kwenye vifusi. Ya pili ndiyo aliyoitaka mama: kung'arisha upya nyumba nzima iwe kama mwanzo. Hiyo ningeweza kuifanya, na ningelipwa tena kila mwaka, kwani mvua, mchanga na ndimu havikuwa vinaondoka. Nilikataa. Ya tatu ilikuwa kila mahali pawekwe jiwe linaloweza kuishi pale.

Saloni tuliiacha na marumaru yake, ila tukaondoa mng'ao kwa makusudi. Niliisaga kwa diski za almasi na maji mengi, namba 120 kwanza kwenye njia ya wageni, kisha 220 na 400 kila mahali, nikasimama hapo. Uso ukabaki laini, hauna kioo. Marumaru isiyong'aa bado inaliwa na limau, tusidanganyane, ila kidonda kwenye uso uliofifia karibu hakionekani, na mikwaruzo hivyohivyo. Kazi ilichukua siku tano, na tope jeupe lilifika hadi kwenye pazia. Nikikuuzia wazo hili usisahau pazia. Mlangoni tukaweka mkeka mgumu nje na mwingine wa kitambaa ndani, mrefu wa hatua tatu, na viatu vinabaki barazani.

Nilipokuwa nasaga niligonga kila karo kwa mpini wa nyundo. Nyingi zilijibu kwa sauti nzito, imejaa. Saba zililia kama ngoma: zilishikizwa kwa vibonge vitano vya gundi, kila pembe kimoja na kati kimoja, na hewa imebaki chini. Niliziwekea alama ya penseli kwenye mchoro wa nyumba, nikamweleza mama kwamba karo ya jiwe inataka gundi chini yote, tena gundi nyeupe kwa jiwe jeupe ili kijivu cha simenti kisipenye. Hakutaka kuzing'oa. "Zikikaa, zikae."

Doa la mawese tulilivuta. Unatengeneza uji mzito wa unga mweupe wa kaolini na asetoni, unaupaka unene wa sentimita moja juu ya doa, unafunika kwa plastiki na kubandika kingo, unaacha siku nzima, kisha unafungua plastiki uji ukauke wenyewe. Ukikauka unafyonza mafuta kutoka ndani ya jiwe. Tulirudia mara tatu. Usifanye hivyo karibu na mbabula, jiko la makaa, inayowaka. Asetoni hushika moto kwa mbali.

Lakini meza yenyewe haikuwa na maisha pale. Jikoni la Kikongo bila ndimu na nyanya si jikoni. Mama alikwenda kutafuta graniti nyeusi, safari hii na limau kwenye mkoba na kitambaa cheupe chenye asetoni. Limau ni la kujua kama ni graniti kweli. Kitambaa ni la kujua kama weusi ni wa jiwe au wa rangi, kwa sababu kuna mawe ya kijivu hupakwa rangi yaonekane meusi, na rangi hiyo huja kitambaani. Duka la kwanza mwuzaji alimfukuza. La pili alimwacha apake limau kwenye kipande na kurudi kesho. Kesho yake kilikuwa kilekile. Akanunua hapo, na bei hakubishana sana, jambo ambalo Papa Prof analisimulia mpaka leo kama muujiza.

Jiwe lililokuwa chini ya miguu

Ukanda wa nje wa baraza ndio ulionipa raha. Tuling'oa marumaru ya ile mita moja na nusu na kuweka jiwe la volkano, lilelile ambalo nyumba imejengwa juu yake.

Watu wa Goma tunalidharau jiwe hili. Tarehe 17 Januari 2002, likiwa bado lava, uji wa moto kutoka Nyiragongo, lilipita katikati ya mji likafunika nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege, na kwa wengi bado ni jiwe la msiba. Tunalitumia kwa msingi na ukuta wa uzio, si kwa mahali wakwe watakapokanyaga. Mama alisita kwa sababu hiyohiyo. "Wageni watasema tumekosa pesa." Msichana wa kazi akasema litapendeza kando ya nyeupe, kama ufito wa kitenge. Nadhani ni neno kitenge lililoshinda.

Kulichagua kunahitaji jicho. Sehemu ya juu ya mtiririko wa lava uliopoa imejaa matundu ya hewa, nyepesi, na kila tundu litashika uchafu. Jiwe zuri linatoka katikati ya mtiririko mnene, ambako lilipoa polepole. Kwenye karakana ya kukatia mawe niliinua vipande vya ukubwa mmoja kimoja kimoja, nikachukua vizito. Nikavigonga: kinacholia kama kengele ni kizima, kinachojibu kwa sauti ya kufa kina ufa usioonekana. Tone la maji: likizama chini ya dakika moja, kipande hicho kinarudi. Tukakata unene wa sentimita 3 na kuacha uso wa msumeno, bila kung'arisha, ili mtu asiteleze mvua ikinyesha.

Nilimwonya Papa Prof asilichukulie kuwa haliliwi na asidi. Lava ya Nyiragongo ina silika, madini ya mchanga, kidogo kuliko basalti ya kawaida, jiwe jeusi la volkano nyingine, ndiyo maana hutiririka kama maji, na madini yake mojawapo, nefelini, hulainika kwenye asidi kali. Asidi ya choo isifike pale. Ila mvua haina mng'ao wa kuondoa hapo, na weusi uliofifia ni weusi uleule. Tulilitandika kwa mteremko wa sentimita moja na nusu kila mita kuelekea bustani, jointi za milimita 5, na kati ya jiwe jeusi na marumaru tukaacha jointi laini ya silikoni badala ya simenti, ili kila moja lipumue lenyewe.

Kusafisha kukawa kazi ndogo: fagio laini kila siku, kitambaa chenye maji ya mvua kutoka birika la saruji na sabuni kidogo isiyo kali, kisha kitambaa kikavu kabla maji hayajakauka yenyewe. Kitu kichachu kikimwagika, futa hapo hapo. Dushini nilibadilisha karo nne tu kuzunguka choo, na chupa ya asidi Papa Prof aliichukua, sijui aliitupa wapi.

Wakwe walikuja. Sikuwepo, niliambiwa chakula kilikuwa kingi.

Simu ya Januari

Januari 2020 mama alipiga tena. "Fundi, madoa meupe yamerudi! Kwenye lile jiwe jeusi!"

Nilimwuliza kama ameshika limau. Alisema msichana amelificha.

Weupe huo ulikuwa unga, ukiugusa unabaki kidoleni. Ni chumvi za simenti: maji hupita chini ya jiwe jipya, huyeyusha chokaa ya simenti, hupanda nayo juu na kuiacha maji yanapokauka. Juu ya jiwe jeupe usingeiona, juu ya jeusi inapiga kelele. Haihitaji dawa. Brashi kavu, siku isiyo na mvua, na kuzoa unga badala ya kuuosha, maana ukiuosha unaurudisha ndani. Msichana alipiga brashi mara moja kwa wiki. Kufikia mwezi wa tano ilikuwa imekwisha.

Mara ya mwisho kuingia katika nyumba ile ni Julai 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei mlima ulikuwa umelipuka upande mwingine wa mji, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo hadi watu wakaamriwa kuhama. Waliporudi mama alikuta karo mbili za saloni zimepasuka katikati, akaniita na mchoro wangu wa penseli mkononi. Zote mbili zilikuwa kwenye alama. Ukanda wa jiwe jeusi haukuwa na ufa hata mmoja, na chungu cha maua kilikuwa kimehamishiwa juu yake. Niling'oa mbili zile, chini yake nikakuta vibonge vitano vya gundi vikiwa vimekauka kila kimoja peke yake, nikamwomba msichana anisaidie kukanda gundi nyeupe. Alishaijua kiasi cha maji.